Simu Inapojisasisha Yenyewe: Kero Halali, Hatari ya Kweli na Njia ya Kujilinda



Katika mikutano ya ulinzi wa jamii, tunapozungumza na wananchi kuhusu utapeli wa pesa za simu, mara nyingi mazungumzo huchukua mkondo mwingine. Badala ya kutuuliza habari za matapeli, mwananchi hutuuliza habari za simu yake mwenyewe. Kwa nini alinunua bando asubuhi, na kufikia adhuhuri likawa limekwisha ilhali hakufungua chochote? Kwa nini simu ilijizima na kujiwasha usiku, na kulipopambazuka ikawa na sura ngeni? Kwa nini kila baada ya siku chache inadai sasisho, ambalo wengi wetu tunaliita apdeti, kana kwamba mwenye simu ni mtu mwingine?

Maswali haya yanatuhusu sisi askari wa mahusiano ya jamii kuliko inavyodhaniwa. Mtu aliyechoshwa na masasisho huelekea kushika mojawapo ya njia mbili. Ama huyazima yote moja kwa moja na kuiacha simu ilivyo kwa miaka, ama huzoea kubonyeza “kubali” kwa chochote kinachojiita sasisho ili apate kuendelea na shughuli zake. Njia zote mbili humfungulia mhalifu mlango. Katika makala hii tunaeleza masasisho ni nini, kwa nini kero yake ni ya haki, kwa nini huku mpakani kero hiyo huzidi, na namna mwananchi anavyoweza kuamua yeye mwenyewe lini na wapi simu yake isasishwe.

Sasisho ni kitu gani?

Simu janja haiendeshwi na betri na vyuma peke yake. Ndani yake mna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kila kitu, kuanzia mguso wa kidole hadi mlio wa simu. Kwa wakazi wengi wa huku mfumo huo ni Android. Wachache wana iPhone, ambayo mfumo wake huitwa iOS. Juu ya mfumo huo hukaa programu nyingine: za kutuma ujumbe, za benki, za pesa za simu, za picha na muziki. Zote zimeandikwa na binadamu, na mfumo endeshi peke yake una mamilioni ya mistari ya maelekezo. Kazi ya ukubwa huo haikosi kasoro.

Sasisho ni marekebisho ambayo mtengenezaji huyatuma kwa njia ya intaneti baada ya simu kuuzwa. Yako ya aina mbili, na inafaa kuzitofautisha. Aina ya kwanza huleta mambo mapya: rangi nyingine, vitufe vilivyohamishwa, huduma ambazo pengine mwenye simu hakuziomba. Aina ya pili huziba nyufa za usalama, yaani kasoro ambazo mtu mwenye nia mbaya angeweza kuzitumia kuingia ndani ya simu. Tatizo ni kwamba aina hizi mbili mara nyingi hufungwa katika furushi moja. Mwananchi anayekataa sura mpya hujikuta amekataa na kufuli jipya pamoja nayo.

Umuhimu wa aina hiyo ya pili ulidhihirika Julai 2015, watafiti walipotangaza kasoro ya Android iliyopewa jina la Stagefright. Kwa kasoro hiyo, mhalifu aliyejua namba yako tu angeweza kukutumia ujumbe wa video ulioandaliwa kwa hila na kupenya ndani ya simu, wakati mwingine kabla hujaufungua. Mwezi uliofuata, Google ilianzisha utaratibu wa kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Ndiyo maana katika mipangilio ya simu ya Android, sehemu inayoeleza habari za simu, utakuta tarehe ya marekebisho ya usalama. Tarehe hiyo hukueleza kufuli lako lilibadilishwa lini kwa mara ya mwisho.

Kero ya wananchi ni ya haki

Wapo wanaosema kwamba anayelalamikia masasisho ni mtu asiyeelewa teknolojia. Hatukubaliani nao.

Kwanza, sasisho hugharimu fedha. Sasisho moja la mfumo linaweza kuwa na megabaiti mia kadhaa, na toleo jipya kabisa likapita gigabaiti moja. Kwa anayenunua bando la siku, hayo ni mawasiliano ya siku nzima au zaidi. Tena bando hilo limelipiwa kodi. Hapa Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa ajili ya mitandao ya kijamii ilianza Julai 2018, na Julai 2021 ikaondolewa na mahali pake pakawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya data ya intaneti. Simu inapopakua megabaiti ambazo mwenyewe hakuziagiza, amelipia mzigo na kodi yake pia.

Pili, sasisho huchukua nafasi katika hifadhi ya simu. Simu ya bei nafuu yenye hifadhi ndogo hujaa, na mwenye simu hulazimika kufuta picha za watoto wake ili simu ipate kupumua.

Tatu, imewahi kuthibitishwa kwamba sasisho linaweza kuidhoofisha simu. Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, na ikawaomba radhi wateja. Oktoba 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza Apple faini ya euro milioni 10 na Samsung euro milioni 5, kwa sababu ya masasisho yaliyozielemea simu za zamani bila wateja kuelezwa vya kutosha. Februari 2020 Apple ilitozwa tena euro milioni 25 nchini Ufaransa, kwa kutowaarifu wateja kwamba sasisho lingeweza kupunguza kasi ya simu zao. Kwa hiyo, mzee anayesema “simu yangu ilikuwa nzima mpaka waliposasisha” anastahili kusikilizwa. Vyombo vya sheria vya nchi nyingine vimekwisha kuwasikiliza watu waliosema maneno kama hayo.

Kwa nini mpakani kero huzidi

Wakazi wa Busia, Malaba, Mutukula, Katuna, Mpondwe na Elegu wana jambo moja ambalo mkazi wa Kampala halijui vizuri. Minara ya simu haiheshimu mpaka. Wimbi la mnara ulio ng’ambo huvuka mto na barabara bila pasipoti, na simu iliyopoteza nguvu ya mtandao wa nyumbani hutafuta mtandao mwingine wowote unaoipokea. Mwenye simu anaweza kuwa amekaa kibarazani kwake ndani ya Uganda, kumbe simu imekwisha kujiunga na mtandao wa nchi jirani.

Mwaka 2014 Kenya, Rwanda na Uganda zilianza utaratibu wa mtandao mmoja wa simu wa Afrika Mashariki, nao ulianza kwa kupunguza gharama za kupiga simu za kawaida kati ya nchi hizo. Wengi wakadhani tangu hapo kila kitu ni nyumbani. Data ni habari nyingine. Bei ya intaneti ukiwa kwenye mtandao wa ng’ambo hutegemea mpango wa kampuni yako, na bando ulilolinunua kwa matumizi ya nyumbani huenda lisihesabiwe kabisa. Kama simu imeruhusiwa kutumia data ugenini, na pia imeruhusiwa kujisasisha kwa mtandao wowote, sasisho linaweza kuanza kupakuliwa kwa bei ya ugenini nawe umelala.

Kuna na wale wanaobeba laini mbili, ya huku na ya ng’ambo, kwa sababu biashara yao iko pande zote. Mfanyabiashara wa nafaka anayevuka asubuhi na kurudi jioni hubadili laini ya data kila siku. Akisahau kuibadili, simu hutumia laini iliyochaguliwa mwisho. Bando la laini ya biashara linakwisha kwa sasisho, na mteja wa upande wa pili anapompigia kwa WhatsApp hampati. Hasara ya namna hiyo haionekani katika takwimu yoyote, bali katika mfuko wake inaonekana.

Hatari ya kukataa masasisho yote

Baada ya kusema hayo yote, tunalazimika kusema na la upande wa pili. Anayezima masasisho yote na kuyasahau anajiweka mahali pabaya, na ubaya huo huongezeka kadiri siku zinavyopita.

Sababu yake ni hii. Mtengenezaji anapotoa sasisho la usalama, anautangazia ulimwengu wote kwamba palikuwa na ufa. Wahalifu nao husoma tangazo hilo. Hulichunguza sasisho lenyewe, wakagundua ufa ulikuwa wapi, kisha wakatengeneza ufunguo wa kuingilia kwa wale ambao hawajauziba. Hivyo siku za hatari zaidi kwa simu isiyosasishwa ni zile zinazofuata kutolewa kwa dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili adui naye ameoneshwa ufa ulipo.

Ulimwengu ulijifunza hilo Mei 2017. Programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia ili yafunguliwe. Nchini Uingereza hospitali za umma ziliahirisha miadi na upasuaji wa wagonjwa. Sasisho la kuuziba ufa uliotumiwa lilikuwa limetolewa na Microsoft Machi mwaka huohuo, takriban miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi zilizodhurika zilikuwa hazijawekewa sasisho hilo.

Simu nazo hazikusalimika. Mei 2019 WhatsApp ilitangaza kwamba paligunduliwa ufa uliomwezesha mshambuliaji kuweka programu ya ujasusi ndani ya simu kwa kupiga simu ya WhatsApp tu, hata kama mpigiwa hakuipokea. Dawa ilikuwa moja: kusasisha. Kampuni iliwataka watumiaji wake wote, waliokuwa takriban bilioni 1.5 wakati huo, wafanye hivyo.

Mfano wa tatu unatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba baadhi ya simu za Tecno W2, simu za bei nafuu zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, zilikutwa na programu haribifu iitwayo Triada, iliyokuwamo tangu simu ikiwa mpya. Programu hiyo ilifungua njia ya kuwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua, salio na data vikaliwa kimyakimya. Transsion, kampuni inayotengeneza simu hizo, ilisema kwamba kasoro iliingizwa na mtu wa kati katika mlolongo wa utengenezaji, na kwamba sasisho la kuiondoa lilikwisha kutolewa. Mwenye simu aliyeona bando likitoweka na akazima masasisho kwa hasira alikuwa ameizuia dawa na kumwacha mwizi ndani.

Sasisho la uongo

Wakati mwananchi amezoea kusumbuliwa na masasisho, tapeli hupata vazi zuri la kuvaa. Huja kwa jina lilelile. Hila zake ziko za namna tatu.

Ya kwanza ni kiungo. Ujumbe huingia kwa njia ya kawaida au WhatsApp, ukisema kwamba simu yako imepitwa na wakati, kwamba akaunti itafungwa leo, au kwamba kuna WhatsApp mpya yenye rangi nyingine. Mwaka 2021 kiungo cha “WhatsApp ya waridi” kilisambazwa sana kwa namna hiyo, nacho kilileta programu haribifu. Mwaka huohuo, nchini New Zealand, wahalifu waliokuwa wakieneza programu haribifu iitwayo FluBot walifika mbali zaidi: waliwatumia watu onyo kwamba simu zao zimeambukizwa FluBot, na kwamba wabonyeze hapo wapate sasisho la usalama. Sasisho hilo ndilo lililokuwa FluBot yenyewe. Juni 2022 Europol ilitangaza kwamba mtandao wa FluBot umevunjwa kwa ushirikiano wa polisi wa nchi 11, lakini hila yake bado iko mikononi mwa wengine.

Ya pili ni simu ya sauti. Neno “kusasisha” lina maana zaidi ya moja, na matapeli hulijua hilo. Mtu hukupigia akijitambulisha kuwa wa kampuni ya simu, akisema usajili wa laini yako unahitaji kusasishwa, kisha akaomba namba ya siri ya pesa za simu au tarakimu zilizoingia kwa ujumbe sasa hivi. Tangu laini zilipohakikiwa kwa vitambulisho vya taifa mwaka 2017, wananchi wamezoea kusikia habari za usajili, na mazoea hayo hutumiwa vibaya. Usajili wa laini hushughulikiwa katika duka la kampuni au kwa wakala wake anayetambulika, ukiwa na kitambulisho chako mkononi. Hauhitaji namba ya siri ya pesa zako hata kidogo.

Ya tatu ni mkono wa mtu. Mwananchi asiyejua mipangilio humwachia simu mtu asiyemfahamu ili “aiapdeti”, na humwachia na namba ya siri ili kazi iende haraka. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaojenga jina lao mtaani. Hata hivyo, simu iliyofunguliwa ikiwa na pesa ndani haiachwi mikononi mwa mtu, kama vile pochi iliyofunguliwa haiachwi mezani.

Namna ya kupambanua ni hii. Sasisho la kweli la mfumo hutokea ndani ya mipangilio ya simu yenyewe, na la programu hutokea ndani ya Play Store, au App Store kwa wenye iPhone. Sasisho hilo hubeba muhuri wa kidijitali wa aliyeitengeneza programu, na simu huukagua kabla ya kulipokea. Faili linaloletwa na kiungo hupita njia nyingine: simu hukuuliza kama unaruhusu kuweka programu kutoka chanzo kisichojulikana. Swali hilo likijitokeza nawe hukwenda kulitafuta, jibu ni hapana. Na tunasema wazi: polisi hatutumi viungo vya masasisho, wala hatumwombi mwananchi namba yake ya siri.

Namna ya kuitawala simu yako

Hatua zifuatazo hazihitaji fundi. Majina ya sehemu yanaweza kutofautiana kidogo kati ya simu na simu. Simu za Android zinaweza kuwekwa katika Kiswahili, na kwa wengi hilo hurahisisha kazi.

Kwanza, jua nani anakula data. Fungua mipangilio, yenye alama ya gurudumu lenye meno, ingia sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data. Utaona orodha ya programu na kiasi ambacho kila moja imetumia. Ukiikuta Play Store juu ya orodha, masasisho ndiyo yaliyolila bando. Ukikuta programu usiyoitambua, usiifungue. Mwoneshe mtu unayemwamini, au tuletee kituoni.

Pili, dhibiti masasisho ya programu. Fungua Play Store, gusa alama ya akaunti yako juu pembeni, ingia mipangilio, kisha mapendeleo ya mtandao. Katika usasishaji wa kiotomatiki utapewa nafasi ya kuchagua kusasisha kwa mtandao wowote, kwa waifai peke yake, au kutosasisha kabisa. Kwa wengi tunashauri waifai peke yake. Mwenye iPhone atafute katika mipangilio sehemu ya App Store, azime upakuaji wa kiotomatiki kwa data ya laini.

Tatu, dhibiti sasisho la mfumo. Katika mipangilio tafuta sehemu ya sasisho la mfumo au la programu, uruhusu upakuaji kwa waifai tu. Ukiletewa taarifa kwamba sasisho liko tayari, unaweza kuliahirisha hadi saa inayokufaa. Kuahirisha kwa siku chache si kosa. Kusahau kwa mwaka ndiko kubaya.

Nne, zima matumizi ya data ugenini. Sehemu hii iko ndani ya mipangilio ya laini. Mkazi wa mpakani aichukulie kuwa lazima, na aiwashe siku anapoihitaji tu, baada ya kuuliza bei kwa kampuni yake. Mahali ambapo simu hurukaruka kati ya mitandao miwili, zima uchaguzi wa mtandao wa kiotomatiki, uchague mwenyewe mtandao wa nyumbani. Mwenye laini mbili akague ni laini ipi inayotumia data kila anapovuka.

Tano, weka siku ya kusasisha. Mara moja kwa mwezi inatosha kwa wengi. Tafuta waifai unayoiamini, au bando la usiku ambalo bei yake ni nafuu. Hakikisha betri imejaa zaidi ya nusu, au simu iko kwenye umeme, kwa maana simu ikizimika katikati ya kazi inaweza kuharibika. Futa video zisizohitajika ili kuwe na nafasi, na hifadhi namba muhimu mahali pengine. Bando likiwa halitoshi kwa yote, anza na programu ya benki, ya pesa za simu na ya kutuma ujumbe. Michezo na urembo vingoje.

Simu iliyozeeka

Kila mtengenezaji huacha siku moja kuitumia simu yake masasisho. Programu nazo huacha kuzitambua simu za zamani: tangu Oktoba 2023, kwa mfano, WhatsApp haifanyi kazi katika simu zenye Android iliyo chini ya toleo la 5.0. Ukiambiwa na mtu usiyemjua kwamba ana faili la kuirudisha katika simu ya zamani, jihadhari, kwa kuwa hapo ndipo matapeli husubiri.

Si kila mmoja anaweza kununua simu nyingine, nasi hatuwezi kumwagiza mtu atumie fedha asizo nazo. Lipo jambo moja lisilo na gharama kubwa. Laini yenye pesa iwekwe katika simu ndogo ya vitufe, ile inayoitwa katochi, na pesa zitumwe kwa menyu ya nyota na alama ya reli. Simu janja iliyozeeka ibaki na laini nyingine kwa ajili ya habari na mazungumzo. Mwizi akiingia katika simu janja hiyo, hatakuta mfuko wa pesa. Na anayenunua simu iliyotumika sokoni aikague tarehe ya marekebisho ya usalama kabla ya kulipa. Simu ambayo tarehe yake ni ya miaka mingi iliyopita ina bei yake, na bei hiyo si ya simu mpya.

Ukishadhurika

Kuingia bila ruhusa katika simu au kompyuta ya mtu, na kufanya udanganyifu kwa njia ya kielektroniki, ni makosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inalinda taarifa zako binafsi. Sheria hizi hufanya kazi pale mwananchi anapotoa taarifa mapema na kutunza ushahidi.

Ukigundua kwamba umeweka programu ya uongo, au umetoa namba ya siri, fanya hivi bila kuchelewa. Zima data na waifai. Ukitumia simu nyingine, piga kampuni yako ya simu na benki yako, uombe akaunti zifungwe kwa muda. Badili namba za siri kwa kutumia simu nyingine, wala si ileile. Usifute ujumbe wala kiungo hata kama vinakukera; andika saa, namba iliyotumika na namba ya muamala. Kisha njoo kituo cha polisi kilicho karibu nawe, au piga 999 au 112. Kuandikisha malalamiko hakulipiwi. Omba namba ya kumbukumbu ya shauri lako na uitunze, kwa sababu kampuni ya simu huenda ikaihitaji.

Wakazi wengi wa mpakani hukata tamaa wakiona namba ya tapeli inaanza kwa tarakimu za nchi nyingine. Wasikate tamaa. Toa taarifa hapo ulipo. Kulifuata shauri ng’ambo ni kazi yetu. Polisi wa nchi za Afrika Mashariki wana jumuiya yao ya ushirikiano, EAPCCO, iliyoanzishwa Kampala mwaka 1998, na makosa ya kimtandao yanayovuka mipaka ni miongoni mwa mambo wanayoshirikiana. Taarifa ya mtu mmoja inaweza kuonekana ndogo. Taarifa kumi zinazotaja namba moja humpa mpelelezi pa kuanzia.

Wito wetu

Tunawaomba wenyeviti wa LC watutengee nafasi katika mikutano yao, tuje na simu zetu tuoneshe hatua hizi mbele ya watu. Tunawaomba vijana wakae na wazee wao jioni moja, wawawekee usasishaji kwa waifai peke yake na kuwazimia data ya ugenini, bila kuwauliza namba zao za siri. Tunawaomba wafanyabiashara wenye waifai wafikirie kuwaruhusu majirani siku moja kwa mwezi.

Na kwa kila mwenye simu, tunaomba afanye jambo moja leo: afungue mipangilio, aitazame tarehe ya marekebisho ya usalama ya simu yake, na apange siku ya kulishughulikia.